Mwaka Nilipojifunza Kusoma Karatasi za Dawa

Miaka ile gesi ilipopatikana baharini kwetu, hapa Palma, kaskazini ya Msumbiji, watu walikuwa hawalali mchana. Helikopta zilipita juu ya minazi asubuhi na alasiri, na watoto walikwisha jua kutofautisha mlio wa ile kubwa na ile ndogo. Wageni walikuja wakiuliza nyumba za kupanga, nasi tukawapisha vyumba tukalala kwa ndugu zetu. Mwanamume aliyekuwa hajawahi kuvaa kiatu cha kufunga kamba alionekana anajifunza kukifunga barazani. Kila mtu alikuwa na habari, na kila habari ilikuwa kubwa kuliko ya jana.

Mimi habari yangu ilikuwa herufi. Nilikuwa nimesoma chuoni kwa shehe tangu utotoni, nikijua Kurani na nikiweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wengi wa ukoo wetu. Lakini herufi za Kireno zilikuwa zimenipita. Ilipotangazwa kwamba pale shikola, yaani skuli ya serikali, pameanzishwa darasa la watu wazima saa za alasiri, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mtoto wangu mmoja nimemwachia bibi yake mzaa baba, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yanagonga mbao.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa kama mtu aliyepagawa. Nilisoma kila kitu kilichokuwa na maandishi. Nilisoma magunia ya mchele, sabuni, matairi ya malori yaliyoegeshwa sokoni, mabati, makopo ya mafuta. Mwanzoni jicho langu lilikimbilia kulia, kwa mazoea ya chuo, nikaanza neno kutoka mkiani. Kisha nikashika njia. Nilikuwa nikipita dukani nasoma kwa sauti mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nahesabu mali yake.

Dada yangu alikuwa ananicheka. Alinipita kwa miaka minane, naye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Hakuwa na haja ya herufi, alisema, kwa sababu mikono yake inajulikana. Na kweli ilijulikana. Hapakuwa na harusi mtaani kwetu iliyopikwa bila yeye. Mchele wa watu mia mbili aliupima kwa macho. Ukimwambia punguza chumvi alikupa mwiko akakwambia upike wewe.

Basi wiki moja likaja tangazo. Kambi ya wageni ilikuwa inatafuta mpishi wa chakula cha kwetu, kwa sababu wafanyakazi wa huku walikuwa wamechoka na vyakula vya makopo. Wanawake watatu wangeitwa Alhamisi, kila mmoja apike, na atakayependeza achukuliwe kazi. Dada yangu alikuwa mmoja wa watatu. Mtaa mzima ulijua. Watu walipita kumpongeza kama tayari amepata. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Aliniambia atapika samaki wa nazi, wali, na mtapa, yaani kisamvu kilichopondwa, chenye karanga.

Jumatatu jioni gego lake likaanza kuuma.

Sikujua mpaka Jumatano asubuhi, nilipokwenda kumsaidia kukuna nazi, maana alitaka kujaribu mapishi yote mara moja kabla ya siku yenyewe. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, shavu limevimba, kitambaa amejifunga kuanzia kidevuni hadi utosini. Moto haujawashwa. Nikamuuliza amekula nini, akasema tangu juzi hajala, anakunywa chai tu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamuuliza kama anaumwa sana. Akasema ilikuwa sana, lakini sasa ana dawa nzuri, na kesho atasimama jikoni hata kama kichwa kimekatwa.

Dawa zenyewe zilikuwa dirishani, zimepangwa kwenye sahani ya bati. Kulikuwa na karatasi mbili za vidonge, zile zenye vitundu vya kubonyeza. Moja alipewa na jirani, nyingine ililetwa na shemeji yetu kutoka Mtwara. Kulikuwa na vipakti vya unga wa mafua, ule wa kukoroga kwenye maji ya moto. Na kulikuwa na kikaratasi kilichosokotwa, ndani yake vidonge vya rangi tatu vilivyochanganywa na mama mmoja anayeuza kibandani sokoni, ambavyo alimwambia ni vya maumivu makali.

Nikavishika. Nakiri kwamba sikuvishika kwa sababu ya hofu. Nilivishika kwa sababu vilikuwa na maandishi. Nilikaa dirishani penye mwanga nikaanza na ile ya jirani. Herufi zilikuwa ndogo, nikaziburuza moja moja: pa, ra, se, ta, mol. Nikafurahi, neno refu vile. Nikachukua ile ya Mtwara. Juu kulikuwa na jina kubwa la rangi nyekundu, jina la kuuzia, lakini chini yake, kwa herufi kama sisimizi, nikakuta tena pa, ra, se, ta, mol. Nikadhani nimekosea, nimerudia karatasi ileile. Nikaziweka mbili magotini. Hazikuwa moja. Nikachukua kipakti cha unga, kilichochorwa mtu anapiga chafya. Nikakigeuza. Nyuma kulikuwa na orodha ya maneno, na neno la kwanza lilikuwa lilelile.

Moyo ulinienda mbio, na bado zilikuwa mbio za furaha, kama mtu aliyekamata mwizi.

Nikamwambia dada kwamba dawa zake tatu ni dawa moja. Akasema siwezi kuwa na akili timamu. Akanionyesha kwa kidole: hii ya jirani ni ya kichwa, hii ya Mtwara ni ya jino, huu unga ni wa homa, na kichwa, jino na homa vyote anavyo. Anameza viwili vya hii na viwili vya hii, anashushia na unga, na vile vya rangi anaongeza maumivu yakigoma.

"Kila baada ya muda gani, dada?"

"Yakirudi."

"Yanarudi baada ya muda gani?"

Alifumba macho akasema nimwache apumzike, kesho ana kazi.

Hapo ndipo nilipohesabu vitundu vilivyo wazi. Kwenye karatasi mbili vilikuwa kumi na vinne, na vyote, alikiri, alivianza jana asubuhi. Vipakti vya unga vitupu vilikuwa vitatu. Vya kwenye kikaratasi sikuweza kujua, kwa sababu kidonge kikishatolewa kwenye karatasi yake hakina la kusema. Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima aliwahi kutusomesha kwa kutumia maelezo ya dawa, akasema sehemu ya kutafuta ni pale palipoandikwa kiasi na saa. Nikatafuta. Ile karatasi ya Mtwara ilikuwa na maelezo ya Kiswahili, shemeji alikuwa ameileta na kijikaratasi chake, na dada alikuwa amekitumia kuwashia jiko kikabaki nusu. Nusu iliyobaki ilisema mtu mzima asizidishe vidonge vinane kwa siku, mchana na usiku. Na ikasema asitumie pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli.

Furaha yangu ikaisha papo hapo. Nikamwambia tunakwenda shipitali.

Alikataa. Alisema jino halimpeleki mtu shipitali siku moja kabla ya kazi. Alisema yuko sawa, na kweli alionekana sawa, maumivu yalikuwa yametulia. Alisema mimi nimejifunza herufi miezi mitatu tayari nimekuwa daktari. Neno hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini nikafunga vyote kwenye pindo la kanga yangu, karatasi, vipakti na kile kisokoto, nikamwambia nitakwenda peke yangu, na nikiambiwa sijui kitu nitarudi nimkunie nazi zote bila kusema neno. Nikatoka. Nilipofika kwenye msikiti nikasikia ndara zake nyuma yangu.

Pale kituo cha afya alikuwepo nesi mwanamume, Mmakonde wa huko juu uwandani, Mkristo, mtu mpole wa kusema taratibu. Alikulia ng'ambo ya mto Rovuma, upande wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri. Sisi wote tulimwita daktari, naye alichoka kutusahihisha. Nikafungua pindo mezani kwake. Alivipanga kimoja kimoja, akasoma, akahesabu vitundu kama nilivyohesabu mimi, na alipofika mwisho akaniangalia.

"Nani amesoma hizi?"

Nikasema ni mimi. Akasema, "Umefanya jambo kubwa sana, dada yangu. Na umefanya vizuri kuzileta zenyewe."

Kisha akamgeukia dada, akamuuliza maswali mengi: lini alianza, cha mwisho alimeza saa ngapi, amekula nini, anakunywa pombe, ana mimba, amewahi kupata manjano ya macho. Dada alijibu kwa ukali, halafu kwa upole, halafu akaanza kuogopa. Nesi alimweleza bila kumtisha. Alisema dawa hii ni nzuri, yeye mwenyewe anaimeza, ndiyo anayowapa watu kila siku. Lakini ini ndilo linaloiyeyusha, na ini lina kiasi chake. Ukilipa zaidi linaumia kimya. Siku ya kwanza mtu anajiona mzima. Ya pili anatapika, anaumwa chini ya mbavu za kulia. Macho yakishakuwa manjano mambo yamekwenda mbali. Na mtu ambaye hajala siku mbili ini lake lina nguvu pungufu kuliko kawaida.

"Kwa hiyo kujisikia mzima leo," alimwambia, "si alama ya uzima. Unakwenda Mosimboa, kwenye shipitali kubwa, sasa hivi, gari linaondoka."

"Nina kazi kesho," dada alisema.

"Kazi ya kesho ni kupimwa damu."

Gari la wagonjwa lilikuwa linampeleka mama mmoja mwenye ujauzito wa mapacha, tukaingia naye. Barabara ile wakati huo ilikuwa mchanga na mashimo. Dada alishika bomba la dari njia nzima. Mimi nilisoma maandishi yote yaliyokuwa ndani ya gari, mara mbili, ili nisimwangalie usoni.

Mosimboa walimtoa damu, wakamtundikia dripu yenye dawa ya kulinda ini, wakamlaza. Alhamisi, siku yake kubwa, alitapika tangu alfajiri. Akashika ubavu wa kulia akaniangalia. Alikuwa anakumbuka maneno ya nesi, na mimi nilikuwa nayakumbuka. Daktari alikuja, akambonyeza tumboni, akatoa damu tena. Helikopta ikapita juu kuelekea kaskazini, na dada akafumba macho. Najua alikuwa anawaona wale wanawake wawili wanapika.

Wodi yenyewe ilikuwa imechangamka kama soko. Mgonjwa wa mguu alisema gesi ikianza kutoka kila nyumba itapata bomba lake. Bibi mmoja wa kitanda cha tatu akasema yeye hataki bomba ndani, anataka barabara, ili asirushwe hivi akija kutibiwa. Watu wakagawanyika, wa bomba na wa barabara, mpaka dada yangu, na dripu mkononi, akafungua macho akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye yuko upande wa barabara. Nilicheka nikalia pamoja.

Ijumaa majibu ya damu yalikuja. Ini lilikuwa limeguswa, lakini lilikuwa linarudi. Daktari alitukalisha akasema tumewahi. Siku moja zaidi ya kumeza namna ile, angezungumza nasi maneno mengine. Dada akamwomba basi amng'olee jino, amalize shida. Daktari akasema hapana, kwanza damu ipimwe tena kuona kama inaganda vizuri, kwa sababu ini ndilo linalogandisha damu. Akampa dawa ya kuua wadudu wa jino, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Jino liling'olewa wiki iliyofuata. Mpaka leo dada anasema kwamba jino lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, na anakasirika nalo.

Kazi aliikosa. Alichukuliwa mwanamke mwingine, mpishi mzuri, haki yake. Dada alinuna siku kumi. Hakuninunia mimi, ila sufuria zake alizifunika. Halafu habari ikaja kwamba wamepata gesi tena, kisima kingine, na watu wanaongezeka kambini, na mpishi mmoja hatoshi. Wakaita tena. Mara hii sikumwacha peke yake hata kidogo, nililala kwake siku mbili nikamkagua kama mtoto. Alikwenda, akapika. Alinisimulia kwamba mkubwa wa jiko alikula samaki wa nazi amesimama, hakutafuta kiti, akachota mara ya pili bila kuuliza. Alirudi nyumbani amebeba koti jeupe na kofia, akavivaa akatembea mtaa mzima, nasi nyuma yake tunapiga vigelegele. Siwezi kuelezea mchana ule. Nilikuwa na kiburi kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Siku zile zile nesi akanitumia mtu. Nilipokwenda aliniambia kwamba Jumatano asubuhi wanawake wanakuwa wengi kituoni, wajawazito na wenye watoto wa kupimwa uzito, wanakaa foleni saa nyingi. Alitaka nisimame mbele yao niwaambie yaliyotupata. Nikasema mimi si mwalimu, cheti sina. Akasema cheti wanacho wengine, ila wao hawakuhesabu vitundu.

Alinifundisha alasiri tatu. Nilikuwa naandika kwenye daftari la shikola, upande mmoja Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa sababu ya haraka, upande mwingine maneno ya Kireno nilivyoyaona kwenye pakiti. Soma jina dogo, siyo jina kubwa. Parasetamoli ya mtu mzima, viwili, kisha ngoja saa sita, na kwa siku nzima visizidi vinane, hata kama maumivu yamerudi mapema. Mtoto anapewa kwa uzito wake, siyo kwa kukata kidonge kwa meno. Ile ya brufeni huliwa tumboni kukiwa na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo au mwenye mimba asiiguse mpaka aulize. Aspirini watoto wasipewe. Kidonge kisicho na karatasi yake usimeze. Maumivu yakipita siku tatu hayataki kidonge kingine, yanataka kuangaliwa. Na ukizidisha kwa bahati mbaya, usingoje kuumwa.

Jumatano yenyewe nilisimama chini ya paa la bati, wanawake kama arobaini wamekaa chini. Niliwatazama wakanitazama. Kisha nikaanza tu na shavu la dada lilivyokuwa, na kitambaa kichwani, wakacheka, na baada ya hapo ilikuwa kama maji. Niliwapa karatasi tupu za vidonge wazipitishe mkono kwa mkono. Wawili waliokuwa darasani kwetu wakasoma kwa sauti kabla yangu, na mmoja akainuka kabisa kwa furaha. Sikutaka kukaa.

Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima aliyemleta mkwe wake akaniuliza swali ambalo nesi hakunifundisha. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Mwanangu, mimi magoti yananiuma. Nikifunga, hivyo vya kutwa nzima nivimeze vyote wakati wa futari?"

Nikafikiria ini, lile ini ambalo halijui kwamba ni Ramadhani. Nikamwambia hapana, mama. Meza viwili wakati wa futari, na viwili wakati wa daku, katikati pana saa za kutosha. Vilivyokupita mchana vimepita, huvilipi. Kama ni brufeni, iwe umekwisha kula. Na kama maumivu ni ya kukushinda, ruhusa ya kufungua ni ya kumuuliza shehe, siyo mimi.

Akatikisa kichwa akasema shehe mwenyewe ana magoti, na amekuwa akimeza vyote futari. Hapo wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja na mumewe, na mama yake, na kile anachokijua kibandani sokoni. Foleni ikavunjika. Aliyekuwa wa kwanza akajikuta nyuma, watoto wakalia, na nesi akatoka nje na miwani mkononi kuuliza nani amekuja kupimwa na nani amekuja kubishana.